Majengo ya kale ya Lubumbashi: maana yake, maadui zake na njia za kuyalinda

1. Utangulizi

Neno «urithi» katika Kiswahili humwelekeza msikilizaji kwanza kwenye mali ya marehemu: nyumba, shamba, mifugo, hata madeni. Warithi hukutana, hugawana, na mara nyingi hugombana. Baadaye neno hilo limepewa pia maana pana zaidi, yaani mali ambayo kizazi kimoja hukiachia kizazi kingine bila kugawanywa: lugha, ngoma, misitu, vitu vya makumbusho na majengo. Maana hizi mbili hukutana, na pengine hupambana, juu ya nyumba moja. Nyumba ya matofali iliyojengwa kabla ya vita vya pili vya dunia ni urithi wa watoto wa mwenyewe. Je, ni urithi wa mji pia? Na ikiwa ni hivyo, nani alipe gharama ya paa lake?

Makala haya yana lengo la kulieleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa Lubumbashi, hasa sehemu zake mbili zinazotazamana: mji wa kati, ambao zamani ulikuwa mji wa Wazungu, na Kamalondo, ambayo zamani iliitwa Cité Albert. Tutaeleza jinsi sehemu hizo zilivyozaliwa, sheria inasema nini, mambo gani yanayaangusha majengo, na mwishowe kazi ambayo walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuifanya. Msomaji asidhani kwamba habari hii inawahusu wasanifu wa majengo peke yao. Tutaona kwamba nyumba inapobomolewa, huondoka na sehemu ya lugha pia.

2. Mji uliojengwa kwa sehemu mbili

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Emile Wangermée, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Katanga, ndiye aliyechagua mahali na kuagiza ramani yake: barabara pana zilizonyooka na kukatana kama miraba ya ubao wa dama. Mwaka huo huo reli kutoka kusini ilifika, na mwaka wa 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906, kilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Kwa hiyo mji haukukua polepole kutoka kijiji. Ulizaliwa kwa amri, kwa ajili ya shaba, na watu wakaletwa kutoka mbali kuja kuufanyia kazi.

Nyumba za kwanza zilikuwa za haraka, za udongo na mabati. Baadaye matofali ya kuchoma yalishika nafasi. Nchi ya Katanga imejaa vichuguu vikubwa, na udongo wake wa mfinyanzi unafaa sana kwa kufyatua matofali. Sehemu kubwa ya mji wa zamani, tukitaka kusema kwa lugha nyepesi, ilitoka ndani ya vichuguu. Waliofyatua, waliochoma na waliobeba matofali hayo walikuwa Waafrika, ambao sheria za wakati ule hazikuwaruhusu kukaa katika nyumba walizozijenga, isipokuwa kama watumishi nyuma ya uwanja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 utawala uliwahamishia Waafrika katika Cité Albert, na kati ya mtaa huo na mji wa Wazungu ukaachwa ukanda mpana usiojengwa, ulioitwa «eneo lisilo la upande wowote». Sababu iliyotajwa ilikuwa afya, hasa malaria. Matokeo yake yalikuwa kutenga watu kwa rangi. Baadaye ikaja mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi. Katika Katuba, kwenye miaka ya 1950, wakazi wengi walijijengea nyumba zao kwa mkopo na kwa msaada wa mafundi wa utawala, kwa mpango ambao hadi leo huitwa kwa jina la Grévisse, ofisa aliyeuongoza. Kando ya hayo kulikuwa na kambi za wafanyakazi wa Union Minière, ambazo zilifuata kanuni za kampuni.

Upande wa mji wa kati, majengo yanayojulikana zaidi ni machache. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali, lilijengwa mnamo 1920-1921. Sinagogi, lililochorwa na msanifu Raymond Cloquet, lilikamilika mnamo 1930. Nalo ni ushahidi wa jamii ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, wakafanya biashara Katanga. Jumba la maonyesho, kazi ya Claude Strebelle na wenzake, lilijengwa katikati ya miaka ya 1950. Baada ya Katanga kutangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, jumba hilo liligeuzwa kuwa bunge. Leo laitwa Jengo la 30 Juni, kwa kumbukumbu ya siku ya uhuru. Hivyo jengo moja limebeba historia tatu: starehe ya walowezi, siasa ya kujitenga, na umoja wa nchi.

Upande wa Kamalondo hakuna minara. Kuna nyumba za chini, viwanja vilivyogawanywa sawasawa, miti ya maembe, baa za zamani. Lakini huko ndiko watu waliotoka Kasai, Luapula, Maniema na kwingineko walikojifunza kuishi pamoja kama watu wa mji, kuanzisha vyama vya kusaidiana, na kusema Kiswahili kama lugha ya wote. Na ni katika mitaa ya namna hii ambapo Waafrika wa Élisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957.

3. Jengo gani lastahili kulindwa?

Si kila jengo lililozeeka ni jengo la kihistoria. Wataalamu kwa kawaida hutumia vipimo vitatu. Cha kwanza ni ufundi: je, jengo laonyesha ustadi au mtindo ambao hauonekani tena? Cha pili ni tukio: je, jambo kubwa lilitendeka hapo? Cha tatu ni ushahidi: je, jengo latuonyesha jinsi watu wa kawaida walivyoishi?

Kwa kipimo cha kwanza, mji wa kati hushinda daima, na ndiyo sababu orodha nyingi za majengo huanzia na kuishia huko. Kwa kipimo cha tatu, hali hubadilika. Nyumba ya vyumba viwili ya Kamalondo, isiyo na pambo lolote, yatueleza ukubwa wa familia ambao utawala uliutarajia, mahali pa kupikia, umbali wa bomba la maji, na jinsi wakazi wenyewe walivyoongeza vyumba pole kwa pole kinyume cha ramani. Kadhalika nyumba ndogo za watumishi nyuma ya majumba ya mjini. Tukilinda jumba la mbele na kubomoa nyumba ya nyuma, tutakuwa tumehifadhi nusu ya habari, tena ile nusu iliyokwisha kuandikwa vitabuni.

Hapa huzuka swali ambalo kila mwalimu amelisikia darasani: kwa nini tuhifadhi majengo ya wakoloni? Swali ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mishahara walipigwa risasi hapa Élisabethville, wakiwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Mtu aliyepoteza babu yake siku ile hawezi kuambiwa avipende viwanda na majumba kwa sababu tu yana umri mkubwa. Hata hivyo, kuhifadhi si kusifu. Jengo la kale ni shahidi, na shahidi haitwi mahakamani kwa kuwa ni mtu mwema, bali kwa kuwa alikuwapo. Ule ukanda mtupu kati ya Kamalondo na mji, ambao sehemu zake nyingi zimejengwa baadaye, ulikuwa ushahidi wa wazi wa ubaguzi kuliko hati yoyote. Nao kadiri unavyofunikwa, ndivyo inavyokuwa vigumu kumweleza kijana kwamba ulikuwapo.

4. Sheria inasema nini?

Watu wengi hudhani kwamba nchi yetu haina sheria juu ya mambo haya. Sivyo. Tayari mwaka wa 1939 utawala wa kikoloni ulitoa amri ya kulinda mahali pa kihistoria, majengo ya kumbukumbu na kazi za sanaa za wenyeji. Baada ya uhuru, Chuo cha Makumbusho ya Taifa kiliundwa mwaka wa 1970, na tarehe 15 Machi 1971 ikatolewa sheria-amri nambari 71-016 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Mwaka wa 1974 nchi ilijiunga na mkataba wa UNESCO wa mwaka wa 1972 unaohusu urithi wa dunia. Na Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 46, yasema kwamba Serikali inalinda urithi wa utamaduni wa taifa na kuuendeleza.

Wazo kuu la sheria ya 1971 ni kuorodhesha. Serikali ikiisha kuliorodhesha jengo, mwenye jengo hawezi tena kulibomoa wala kuligeuza umbo bila idhini. Hapa ndipo ilipo nguvu ya sheria hiyo, na hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake: jengo lisilo katika orodha halina ngao. Yatosha kutazama orodha ya urithi wa dunia kuona jinsi majengo yalivyosahauliwa: mahali 5 pa nchi yetu palipoingizwa, yaani Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya Okapi, pote ni pa maumbile. Hakuna hata jengo moja.

Tena kuna sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Msomaji angeweza kutumaini kwamba Serikali, ikiwa ndiyo mwenye ardhi, italinda kilicho juu yake. Kwa kweli mambo mara nyingi huenda kinyume: anayepata hati ya kiwanja hutakiwa kukitumia na kukiendeleza, na kukiendeleza hueleweka kuwa ni kujenga upya. Ofisi inayotoa ruhusa ya kujenga na ofisi inayoshughulika na utamaduni ni mbili, na faili la moja si lazima lifike mezani kwa nyingine.

5. Maadui wa majengo

Adui wa kwanza ni maji. Lubumbashi hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu. Bati moja lililotoboka huingiza maji katika mbao za paa. Mbao zikilowa, mchwa hufuata. Paa likilegea, kichwa cha ukuta hufunguka, na tofali hunyonya maji hadi chini. Ukarabati mbaya huongeza madhara. Fundi wengi hupaka saruji ngumu juu ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa udongo au chokaa, wakidhani wanauimarisha. Saruji huyafungia maji ndani, baada ya misimu michache uso wa tofali humomonyoka nyuma ya plasta, na mwenye nyumba husema: «Nyumba imezeeka, tuiangushe.» Kumbe haikuuawa na uzee.

Adui wa pili ni umilikaji usioeleweka. Mnamo Novemba 1973 Serikali ilitangaza hatua zilizoitwa «kuzairisha», ambazo ziliwanyang'anya wageni wengi biashara na mali zao na kuwapa watu wengine. Nyumba kadhaa za mjini zilibadilisha mwenyewe, kisha zikabadilisha tena, bila karatasi kufuata vizuri. Nyumba ambayo watu watatu wanaidai mahakamani haipakwi rangi na yeyote. Upande wa Kamalondo ugonjwa ni ule ule kwa sura nyingine: baba hufa, warithi huwa wengi, kila mmoja ana chumba chake, na paa ni la wote, yaani si la mtu.

Adui wa tatu ni fedha, kwa kukosekana na kwa kuzidi. Katika miaka ya 1990, uzalishaji wa shaba ulipoporomoka na mishahara kukatika, nyumba nyingi za kampuni na za watu binafsi zilikosa matengenezo. Baada ya sheria ya madini ya mwaka wa 2002 wawekezaji walirudi, na bei ya viwanja vya mji wa kati ikapanda. Tangu hapo nyumba ya ghorofa moja yenye bustani huonekana kuwa hasara: mahali pake pangeweza kusimama duka, hoteli au ghorofa tano. Kwa hiyo majengo yaliyovumilia umaskini yaangushwa na utajiri, na kwa kawaida huangushwa wakati wa kiangazi, kwa siku mbili au tatu, kabla jirani hajajua ni ofisi gani ya kuiuliza.

6. Nyumba na maneno yake

Tufikie sasa jambo linalotugusa sisi wa idara za lugha. Katika Kiswahili cha pwani, «baraza» ni benchi la mawe mbele ya nyumba, na pia mkutano wa watu wanaokaa hapo kusema. Neno hili lilipoingia katika Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo lilifupishwa kuwa «barza», likawa na maana ya ukumbi wenye paa unaozunguka nyumba. Baadaye Wakongo wakalichukua tena kutoka katika Kifaransa hicho. Mwanafunzi hawezi kuuelewa mzunguko huo kwa kamusi peke yake: yampasa kuona ukumbi wenyewe, kivuli chake, na mahali mtumishi aliposimama akingoja kuitwa. Ndivyo ilivyo kwa «boyeri», nyumba ya watumishi nyuma ya uwanja, na kwa msamiati wote wa kambi za kampuni. Majengo mapya hayana barza wala boyeri. Baada ya muda maneno hubaki midomoni mwa wazee, kisha hubaki katika madaftari, kisha hupotea.

Tuna bahati kwamba ushahidi mmoja mkubwa umeandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka wa 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, alitunga historia fupi ya mji iitwayo «Vocabulaire de ville de Elisabethville» kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani. Kichwa ni cha Kifaransa, maandishi ni ya Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka wa 1990. Thamani yake kwa mada yetu ni kwamba inautazama mji kutoka nyuma ya nyumba, kutoka jikoni na boyeri. Mlinzi wa majengo anayesoma Kifaransa tu hataupata mtazamo huo.

Tena Kiswahili cha Lubumbashi kinalo neno «ukumbusho», ambalo wachoraji wa mji, miongoni mwao Tshibumba Kanda Matulu katika miaka ya 1970, walilitumia kwa picha zinazomfanya mtazamaji akumbuke na kufikiri. Neno hili lafaa kuliko «urithi» katika mazungumzo na wenye nyumba. Ukimwambia mzee wa Kamalondo kwamba nyumba yake ni urithi wa umma, ataogopa kunyang'anywa. Ukimwambia kwamba ni ukumbusho, atakukaribisha ukae.

7. Njia zinazowezekana

Haifai kungoja fedha nyingi ndipo tuanze. Kuna hatua zinazofuatana, na ya kwanza ni ya bei nafuu.

Kwanza, kuhesabu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilikwisha kuonyesha njia: tangu mwaka wa 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, umekusanya masimulizi, picha na vyombo vya nyumbani vya wakazi, na kuvionyesha katika jumba la makumbusho. Kazi ya aina hiyo yaweza kufanywa mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo achague barabara moja tu. Kwa kila nyumba aandike: mahali ilipo, vifaa vya ujenzi, matumizi yake ya zamani na ya leo, mabadiliko yanayoonekana, hali ya paa, mifereji na misingi, na maneno ambayo wakazi hutumia kwa kila sehemu ya nyumba, kama wanavyoyatamka. Majina ya wakazi na habari za ugomvi wao wa urithi zisichapishwe.

Pili, kupanga kwa daraja. Hatuwezi kutaka kila nyumba ibaki kama ilivyokuwa. Majengo machache sana yalindwe ndani na nje. Mengine yalindwe sura ya mbele na paa, ndani pawe huru. Mengine yapigwe picha na kupimwa kabla ya kubomolewa. Anayeomba kulinda vyote huishia kutolinda chochote, kwani hakuna diwani atakayemsikiliza.

Tatu, kuomba kuorodheshwa. Sheria ya 1971 ipo. Inangojea maombi yaliyoandaliwa vizuri. Faili lenye michoro, picha na historia ya jengo lina nguvu kuliko malalamiko magazetini.

Nne, kumsaidia mwenye nyumba. Kumkataza mjane kubomoa bila kumpa njia ya kutengeneza ni kumhamishia yeye peke yake gharama ya kumbukumbu ya watu wote. Manispaa ingeweza kupunguza kodi ya jengo lililoorodheshwa. Shule za ufundi zingeweza kufundisha upya plasta ya chokaa na utunzaji wa mifereji. Mara nyingi kubadilisha mabati machache kabla ya Novemba ndiko kulinda kwenyewe.

Tano, kulitumia jengo. Jengo lisilo na kazi hufa upesi. Jumba la maonyesho lilibadilishiwa kazi zaidi ya mara moja, na kwa sababu hiyo limesimama.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ulinzi wa majengo ya kale si anasa ya watu walioshiba, wala si kuwaenzi waliotutawala. Sheria ipo, ingawa ngao yake huwafikia tu walioandikishwa. Maadui wanajulikana, na baadhi yao, kama maji na saruji iliyotumiwa vibaya, wanaweza kushindwa kwa maarifa ya kawaida. Jambo linalokosekana ni orodha, hasa orodha inayokumbuka boyeri pamoja na kanisa kuu, Kamalondo pamoja na mji wa kati.

Orodha hiyo haitaandikwa na mafundi peke yao, kwa maana wazee wanaojua kila chumba kiliitwaje na nani alilala wapi husimulia kwa Kiswahili. Wengi wao wamekwisha kuwa wachache. Kwa hiyo tunawaalika wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaojiandaa kuchagua mada, pamoja na walimu watakaowaongoza, waanze msimu huu wa ukavu, na wachague kwanza zile barabara ambazo mabango ya «kiwanja kinauzwa» yamekwisha kutundikwa.